Visu Kumi na Kimoja vya Desemba

Wewe uliyeshika gazeti hili, tegua hiki: niliingia motoni na kiburi, nikatoka mpole. Nikaingia mafutani mpole, nikatoka na kiburi. Nikarudi motoni mara ya pili, moto mdogo wa kuokea mkate, nikatoka na akili. Mimi nani?

Fikiri kidogo. Ukishindwa usinipe mji, miji tunayo ya kutosha. Nipe dakika chache tu, twende Munyaka tukalione jibu likipikwa.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ni Julai, na baridi ya Julai hapa Eldoret haina adabu, inaingia mpaka ndani ya soksi. Katika kibanda cha mabati nyuma ya nyumba yake, Mzee Kituyi Wabuge ameinamia debe la mafuta. Mafuta yameganda, meupe kama uji uliolala. Ni mafuta ya kupikia yaliyokwisha kazi, ameyapata kwa muuza chipsi wa stendi.

Anachomoa nati kubwa nyekundu kutoka kwenye makaa kwa koleo na kuitumbukiza. Chaaa! Mafuta yanalegea, yanageuka rangi, na kibanda kizima kinanukia chipsi. Anatia kidole, anakitoa haraka, anatikisa kichwa. Anatumbukiza nati ya pili.

"Mafuta ya baridi ni mazito, hayazunguki," anasema. "Kisu kinataka kuoga, hakitaki kukabwa."

Naam, jibu ni kisu. Lakini si kisu cha dukani kile cha bati, kinachopinda ukikata nyanya. Hiki ni kisu cha springi ya lori, chuma chenye kaboni. Vyuma vya madirisha ukivipika na kuvichovya mwaka mzima vitabaki vile vile. "Si kila chuma kinakubali kufundishwa," Mzee Kituyi anasema. "Springi inakubali. Na ikikubali, inakumbuka kila kitu ulichoifanyia, kizuri na kibaya."

Ana miaka hamsini na minane. Alitoka upande wa Bungoma akiwa kijana, akafanya kazi katika kiwanda kimoja cha nguo hapa mjini mpaka mashine zikanyamaza, kisha akajifunza kufua chuma. Kazi hii ameishika miaka ishirini na saba. Fuawe yake, pale anapogongea chuma, ni kipande cha reli. Feni yake ya kupulizia makaa inazungushwa kwa mkono. Shingoni, kwa uzi wa kiatu, amening'iniza sumaku iliyotolewa kwenye spika mbovu.

Leo mezani pana visu sita. Havijapata mipini, ni chuma tupu, vimefuliwa na kukwanguliwa, vinangoja kuchovywa. Ni visu vya kwanza anavyovitengeneza tangu Desemba. Wachinjaji na wenye mabucha wamemuuliza mara nyingi, naye amewajibu jibu moja: hatauza kisu hata kimoja mpaka Kiprono, kijana mkata nyama wa bucha, akishike kimoja na kukifanyia kazi.

Na Kiprono tangu Desemba hajashika kisu. Si cha Kituyi tu. Hajashika kisu chochote.

Mke wa Mzee Kituyi, Edinah Kageha, anachungulia mlangoni, mikono ina unga mpaka kwenye viwiko.

"Baba, amesema atakuja?"

"Amesema ataona."

"Ataona ni kuja ama ni kutokuja?"

"Edinah, funga mlango. Mwanga unaingia."

Mlango huo ndio chanzo cha habari yote hii.

Chuma kinapopashwa moto hubadilika rangi, na mfua chuma huisoma ile rangi kama mpishi anavyosoma mafuta ya mandazi. Chekundu hafifu, bado. Chekundu cha nyanya iliyoivia shambani, hapo ndipo. Kikipita hapo kikawa rangi ya chungwa, umekipika kupita kiasi. Lakini rangi hiyo husomeka gizani tu. Kwenye jua, chungwa huonekana nyanya, na nyanya huonekana kama bado. Ndiyo maana kibanda cha Mzee Kituyi hakina dirisha, na kila tundu la bati limezibwa kwa kitambaa.

Tena kuna sumaku. Chuma kikifikia moto wake, sumaku hukiacha. Hainasi tena, kama mtu aliyesahau jina la rafiki yake. Fundi mwangalifu hugusisha sumaku kwanza, kisha hungoja kidogo sana, kisha huchovya.

Desemba iliyopita, wiki mbili kabla ya Krismasi, watu wote walitaka visu. Wakati huo alikuwa akiuza visu kama kumi na vitano kwa mwezi, shilingi elfu moja mia tano kila kimoja. Siku hiyo alikuwa na kumi na kimoja. Makaa yalikuwa mabichi, moshi ukamshika kifua, akafungua mlango apumue. Jua la Desemba likaingia mpaka juu ya makaa.

"Sumaku ilikuwa hapa hapa shingoni," anasema, akiigonga kwa kucha. "Sikuigusisha. Nikajiambia, Kituyi, wewe ni wa miaka ishirini na saba, unaulizia nini sumaku? Nikachovya vyote kumi na kimoja kwa macho. Macho yalinidanganya, na mimi nilikubali kudanganywa kwa sababu nilikuwa na haraka."

Nikutegee kingine. Mgonjwa hana homa, hana kikohozi, amenyolewa vizuri na anang'aa, lakini siku ya kazi anakatika. Ni nini? Ni kisu kilichopikwa kupita kiasi. Ukikipitishia tupa, tupa inateleza vizuri, unadhani ni kigumu na kizima. Ukikinoa, kinanyoa nywele za mkono. Ugonjwa wake umo tumboni. Ukikivunja ndipo utaona: ndani kina chembe kubwa kubwa kama sukari. Kisu kizima ndani ni laini kama unga wa wimbi.

Tarehe ishirini na tatu Desemba, Kiprono alikuwa katika bucha la Mama Nyaguthii anakata goti la ng'ombe kwa kisu kipya cha Kituyi. Ana miaka thelathini na mitatu, mwenyeji wa Kimumu, na foleni ya wateja ilikuwa imefika barabarani. Kisu kilikatika katikati. Mkono wake, kwa nguvu ile ile ya kukata, ukateremka juu ya kipande kilichobaki. Alishonwa mishipa ya vidole viwili vya mkono wa kulia.

Mama Nyaguthii mpaka leo akisimulia anashika kifua. "Huyu kijana alikuwa anachuna ng'ombe kama anamvua koti," anasema. "Pole pole, hakuna kutoboa ngozi. Wateja wangine walikuwa wanakuja tu kumwangalia. Saa hii anapima nyama kwenye mizani na kufunga kwa gazeti. Nikimwambia, Kiprono, nikatie hata maini, anaita mwenzake. Maini, jamani! Maini hata mtoto anakata."

Mzee Kituyi alipata habari kesho yake, mkesha wa Krismasi. Aliomba aonyeshwe kipande kilichokatika. Akakiinua kwenye jua, akaona sukari.

Hakula siku hiyo, Edinah anasema. Alikaa kwenye kigoda akihesabu kwa vidole: nani alinunua, nani alinunua. Vilikuwa kumi na kimoja. Kimoja kimeshamkata mtu. Kumi viko nje, jikoni na mabuchani, vinang'aa.

Akaanza kuzunguka. Alikwenda kwa miguu palipo karibu na kwa bodaboda palipo mbali, akigonga milango Krismasi watu wakila. "Nirudishie kisu changu, hizi hapa pesa zako." Wengine walidhani amelewa. Jirani yake Ronnie, anayechomelea mageti, alimcheka waziwazi.

"Mzee, fundi gani anafuata wateja kuwanyang'anya mali yao? Mimi geti yangu ikianguka nasema ni upepo!"

"Geti lako likianguka linaangukia mbwa," Kituyi alimjibu. "Changu kiko mkononi mwa mtu."

Kila kisu alichokipata alikibana kwenye jiliwa, kile kibanio cha chuma cha mezani, na kukivunja, aone tumbo lake. Cha kwanza, sukari. Cha pili, sukari. Cha tatu, unga laini kabisa, kisu kizima. Vikachanganyika hivyo hivyo. Kumbe wingu likipita lilikuwa likificha jua, na vile vilivyochovywa chini ya wingu vilipona. Lakini kwa nje hakuna aliyeweza kuvitenga, hata yeye mwenyewe.

Cha kumi kilimtesa. Kilikuwa Kaptagat, kwenye kambi moja ya wanariadha, mikononi mwa mpishi wao, Chepkirui. Huyo mama hupika ugali wa watu ishirini na wawili na kukata sukuma wiki ya debe zima kila siku. Aliposikia maneno ya kurudisha, alificha kisu nyuma ya mgongo.

"Hii kisu ni yangu. Hata mzee wangu haigusi."

"Mama, inaweza kuwa mbaya ndani."

"Mbaya wapi? Nimekata nayo wiki tatu. Wewe ndio mbaya!"

Walishindana mpaka wakimbiaji wakarudi kutoka mazoezini, wakasimama na jasho lao kuwatazama. Mwishowe mmoja wao alisema, "Mama Chepkirui, mpe bwana. Ukikatika wewe nani atatupikia?" Hilo ndilo lililomgusa. Akakitoa, lakini kwa sharti: kivunjwe hapo hapo, mbele yake.

Mzee Kituyi akakibana katikati ya mawe mawili ya jiko, akakipiga kwa nyundo. Kilipinda, kikakataa, kikapinda tena, ndipo kikakatika. Ndani, unga wa wimbi. Kilikuwa kizima, na pengine kizuri kuliko vyote.

"Umenivunjia kisu mzima!" Chepkirui alilia machozi ya kweli. Halafu akamwita majina ambayo gazeti hili, kwa kuwa ni la watu wa familia, haliwezi kuyaandika.

Mzee Kituyi anacheka akikumbuka, lakini cheko lake ni fupi. "Nilimwambia, Mama, afadhali nikuvunjie kizima kuliko nikuachie kibovu. Akaniambia maneno hayo nikawaambie wakimbiaji nikiwakatia sukuma mimi."

Visu kumi vikawa vimevunjwa, saba vya sukari, vitatu vya unga. Ndipo akaenda Kimumu kwa Kiprono. Alikuwa amekwenda hospitali kumwona, na matibabu alichangia alichoweza, lakini hapo walikuwa watu wengi. Siku hii walikuwa wawili tu, sebuleni, chai katikati. Mzee Kituyi alimweleza yote, mlango, jua, sumaku. Hakuficha kitu. Kisha akauliza: "Nikikufulia kingine, utakishika?"

Kiprono aliutazama mkono wake uliofungwa. Akatazama dirishani. Halafu akasema, "Mzee, kunywa chai, itapoa."

Ikawa hivyo. Tangu Januari wamekutana mara nyingi, sokoni, njiani, hata kwenye mazishi ya jirani. Wanasalimiana vizuri, wanaulizana habari za nyumbani. Swali lile halijajibiwa, wala halijarudiwa.

"Swali kama lile ukiliuliza mara mbili unakuwa unamsukuma mtu," Mzee Kituyi anasema. "Mimi ndiye nilimuumiza. Nitamsukuma na uso gani?"

Miezi hii saba ameishi kwa kunoa visu vya watu, shilingi hamsini kimoja, na kutia majembe mipini. Mikate ya Edinah ndiyo imebeba nyumba. Mwenye bucha mmoja alikuja na oda ya visu ishirini, pesa mkononi. Mzee akamrudisha. Edinah alikasirika siku mbili.

"Sikukasirika kwa sababu ya pesa," Edinah anasahihisha kutoka jikoni. "Nilikasirika kwa sababu alikuwa na haki. Mtu mwenye haki anachosha sana kuishi naye."

Ni Mama Nyaguthii aliyesogeza jambo hili. Juzi alimwambia Kiprono: "Mzee anachovya visu Alhamisi. Nimekupa ruhusa asubuhi. Sijakuambia ushike, nimekuambia uende uangalie."

Saa moja kasoro dakika kumi, mlango unagongwa. Kiprono anaingia, kofia ya sufu mpaka kwenye nyusi, mkono wa kulia mfukoni.

"Chamgei, Mzee," anasalimia kwa Kikalenjin.

"Chamgei mising, Kiprono. Ingia, ufunge nyuma yako."

Mlango unafungwa, na giza linakuwa giza. Makaa tu ndiyo yanayoonekana, na nyuso mbili zenye rangi ya makaa. Feni inazunguka. Kisu cha kwanza kiko ndani ya moto, kinaanza kuonekana polepole, kama kitu kinachokaribia kutoka kwenye ukungu.

Mzee Kituyi anakitoa, anakigusisha sumaku. Inanasa. Anakirudisha. Anakitoa, anagusisha. Inanasa kidogo, kwa uvivu. Anakirudisha. Mara ya tatu sumaku inaanguka kwenye uzi wake, haitaki. Anakirudisha motoni, anahesabu kimoyomoyo, midomo ikicheza, kisha kisu kinashuka mafutani, ncha kwanza, wima kabisa. Moto unaruka juu ya debe, moshi, harufu ya chipsi. Wote wawili wanasikiliza. Chuma kikipasuka mafutani hulia kwa sauti ndogo kama glasi, tiing, na ukiisikia umepoteza kisu.

Hakuna sauti.

Anafanya hivyo mara sita. Mara sita sumaku inagusishwa, hata pale ambapo rangi ni ya nyanya kabisa na kipofu angeiona. Kiprono anaangalia, lakini si kisu anachokiangalia. Anaangalia ule mkono wenye sumaku.

Baada ya hapo visu vinahamia kwa Edinah. Kisu kilichotoka mafutani kina kiburi mno. Ukikiangusha sakafuni kinavunjika kama sahani. Lazima kitiwe akili kwa moto mdogo, na moto huo ni ule ule wa mkate. Edinah anatoa mikate yake kwenye tanuri la makaa, anavipanga visu juu ya sinia, anafunga. Vinakaa humo saa mbili nzima.

"Mkate wangu umetoka rangi nzuri, basi visu vitatoka vizuri," anamwambia Kiprono. "Ungeungua, ningemwita Mzee haraka. Kula huu, umetoka sasa hivi."

Kiprono anaupokea mkate kwa mkono wa kushoto. Wanakula, wanazungumza bei ya mahindi na mvua iliyozidi. Ronnie anachungulia juu ya ua akisema ameona moshi, akadhani wamefungua hoteli. Edinah anamrushia kipande cha mkate ili anyamaze.

Visu vinapotoka vimegeuka rangi ya nyasi kavu ya Januari. Hiyo ndiyo rangi inayotakiwa. Vikipoa, Mzee Kituyi anavilaza sita vyote kwenye meza, kwa safu.

Hapa ndipo penye desturi yake mpya, ambayo mafundi wenzake wanaiita wazimu: katika kila mkupuo, kimoja kitavunjwa. Kisu kimoja katika sita kutupwa ni siku nzima ya kazi kutupwa. Naye hakichagui yeye.

"Chagua," anamwambia Kiprono.

"Mimi?"

"Mimi nikichagua nitachagua ninachokiamini."

Kiprono anatembea mbele ya meza mara mbili. Anaelekeza kidole kwenye cha nne, ambacho ndicho kilichonyooka kuliko vyote. Mzee Kituyi anakibana kwenye jiliwa, ncha juu, anaokota nyundo, halafu anasita na kumgeuzia Kiprono mpini wa nyundo.

Kiprono anatoa mkono wa kulia mfukoni. Anaishika nyundo kwa mikono miwili. Anapiga. Kisu kinapinda, kinarudi. Anapiga kwa nguvu zaidi. Kinapinda kama mtu anayefikiria jambo. Pigo la tatu, kinakatika, na kipande kinaruka mpaka kwenye makaa baridi.

Anakiokota mwenyewe. Anakipeleka mlangoni, kwenye mwanga, na kukisogeza karibu na jicho. Anakigeuza. Anapitisha ukucha juu ya mvunjiko. Mzee Kituyi hasogei kutoka kwenye jiliwa.

"Unaona nini?" Edinah ndiye anayeshindwa kuvumilia.

"Unga," Kiprono anasema. "Hakuna sukari."

Mzee Kituyi anakaa kwenye kigoda chake. Baadaye kidogo anaanza kusema mipango. Anataka kila mkupuo uwe na alama yake chini ya mpini, ili siku kosa likitokea ajue ni visu vipi na viko wapi. Anataka kuwaita mafundi wa huu mstari wote, hata Ronnie, awaonyeshe sukari na unga, awe na vipande vya kuwapa washike. Na cha kwanza kabisa kikipata mpini kitakwenda Kaptagat kwa Chepkirui, kwa sababu yule mama bado anamtumia salamu mbaya kupitia watu wa bodaboda.

Kiprono amerudi mezani, palipobaki visu vitano. Anaviangalia kama anavyoangalia nyama kabla ya kuamua aanzie wapi. Anaokota kimoja, kile kirefu, kwa mkono wa kulia. Bado ni chuma tupu, mkia wake wa kutiwa mpini ni mwembamba na baridi. Anakishika sawasawa, anakiachia kidogo, anakishika tena. Anakata hewa mara moja, taratibu, kuelekea chini, mahali ambapo goti la ng'ombe lingekuwa.

Nje, saa nne inakaribia na jua limeanza kuwa na maana. Edinah amesimama na birika mkononi, hamimini.

"Hii yangu uiwekee mpini mnene, Mzee," Kiprono anasema. "Hiki kidole cha katikati hakikunjiki tena mpaka mwisho."